Malezi Yasiishie Kidato cha Nne



Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, jumuiya zetu ndogo ndogo hujaa mazungumzo ya namna moja: nani amefaulu, nani anasubiri kupangiwa kidato cha tano, nani atatafutiwa chuo. Katika nyumba nyingi siku hizo huwa za shangwe na za hesabu pia. Baba hutazama kahawa iliyobaki, mama hukumbuka akiba yake ya kikundi, na mjomba aliyeko mjini hupigiwa simu. Lakini ipo nyumba ambayo furaha ya matokeo haimalizi hata siku mbili. Ni nyumba ya yule bibi, au shangazi, au mama mlezi, aliyelea mtoto asiyemzaa. Mlezi anamtazama kijana, kijana anamtazama mlezi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Hatimaye mlezi husema neno ambalo sisi wa Tume ya Haki na Amani tumelisikia mara nyingi katika ziara zetu vigangoni: “Mimi nimemfikisha.”

Amemfikisha wapi? Hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi katika toleo hili.

Tunaomba tueleweke tangu mwanzo. Hatumlaumu mlezi hata kidogo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nao hawakuongeza kwamba kazi ni kubwa zaidi pale ambapo aliyebeba mimba ni mwingine na anayelea ni mwingine. Bibi wa miaka 70 aliyelima, akauza ndizi, akaomba chumvi kwa jirani ili wajukuu wake wale, amekwisha kutoa alichonacho. Akisema amemfikisha, anasema kweli: amemfikisha mahali ambapo nguvu zake zimekoma. Swali letu linawahusu waliobaki, yaani sisi.

Hapa Kagera habari hii ina historia ndefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Miaka iliyofuata tulizika kizazi cha akina baba na akina mama, na katika miaka ya 1990 ilikuwa jambo la kawaida kukuta nyumba isiyo na mtu mzima isipokuwa bibi na wajukuu, au isiyo na mtu mzima kabisa. Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanakumbuka jinsi parokia zilivyohangaika kutafuta sare, madaftari na ada kwa watoto wale. Mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya ugonjwa, wazazi wengi wakabaki hai kuwalea watoto wao, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Watoto wa miaka ile leo ni watu wazima, na wengine ni viongozi katika Halmashauri zetu za Walei. Lakini mtoto asiyelelewa na wazazi wake hajatoweka miongoni mwetu. Yuko aliyefiwa na mama wakati wa kujifungua. Yuko ambaye baba yake aligongwa na gari akiwa juu ya pikipiki. Yuko aliyeachwa mlangoni mwa masista akiwa na siku chache. Yuko pia, na huyu husahauliwa zaidi, ambaye wazazi wote wawili wako hai lakini kila mmoja ameanza maisha mengine, na mtoto amebaki kwa shangazi kama mzigo ulioachwa stendi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inawatambua watoto hawa. Inazungumza juu ya makao ya watoto, juu ya kuasili mtoto, na juu ya malezi ya kambo, yaani mtoto kukabidhiwa familia isiyo ya wazazi wake imtunze chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii. Ni sheria nzuri. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, kama inavyosema Mikataba ya kimataifa, nasi hatuna ugomvi na tafsiri hiyo. Tunachowaomba ni kupiga hesabu tu. Kwa mfumo waliosomea vijana wetu wa leo, mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7, akasoma miaka 7 ya shule ya msingi na 4 ya sekondari bila kurudia darasa, anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18. Maana yake ni kwamba ulinzi wa sheria unamwachia mkono mwaka ule ule ambao kwa mara ya kwanza tangu aanze shule anahitaji fedha nyingi. Makao ya watoto yanasema umri wake umepita, kitanda chake kinasubiriwa na mdogo. Mfadhili wa ng'ambo, aliyekuwa akituma barua na picha kila Noeli, anapata taarifa kwamba “mtoto wake” amehitimu, naye anapewa mtoto mwingine mwenye miaka mitano.

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita. Tunaipongeza Serikali kwa moyo mweupe. Hata hivyo, nafuu hiyo imeficha jambo moja: zamani mlezi alianza kuhangaikia ada tangu kidato cha kwanza, akajifunza mapema kuomba, kukopa na kuweka akiba. Leo anaweza kumfikisha mtoto kidato cha nne bila ya kukutana na ankara kubwa, kisha ankara ikaja yote kwa mkupuo siku anapopokea barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi, au cha ualimu, au cha ufundi. Si kila kijana anakwenda kidato cha tano, na wala haipasi iwe hivyo. Wengi mahali pao ni chuoni, na vyuoni kuna kulipa.

Kuna atakayetujibu kwamba mikopo ipo. Ni kweli ipo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na yatima ametajwa miongoni mwa wanaostahili kufikiriwa kwanza. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 hata baadhi ya kozi za stashahada zimeingizwa. Vijana wetu kadhaa wamesoma kwa fedha hizo, ambazo wenyewe wamezoea kuziita bumu, na wengine leo ni walimu na waganga. Hatutaki kudharau mlango uliowapitisha wengi. Tunataka tu kuonyesha jinsi mlango huo ulivyo mwembamba kwa mtu asiye na wa kumshika mkono.

Mwombaji anayesema kwamba ni yatima anatakiwa kuthibitisha kwa cheti cha kifo, nacho cheti kihakikiwe na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Ni sharti la haki, maana waongo wako wengi. Lakini tutazame vijijini mwetu. Baba alifia mwaloni, akaletwa na wavuvi wenzake usiku, akazikwa kesho yake chini ya migomba. Padre alikuja, katekista aliandika katika daftari la kigango, watu walilia, wakachangia unga na maharage. Nani siku ile alikumbuka kwenda kusajili kifo? Miaka kumi na mitano baadaye mtoto wake anahitaji karatasi ile, na mwenyekiti wa kitongoji wa wakati ule naye amekufa. Itampasa aende kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wilayani, arudi kwa kuwa jina la baba katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa kwa herufi moja tofauti na jina lililo katika cheti cha shule, aende tena, na kila safari ni nauli. Na yule aliyeachwa mlangoni mwa masista, atatafuta cheti cha kifo cha nani? Hajui hata kama waliomzaa wamekufa. Yeye atategemea barua za ustawi wa jamii, kama jalada lake bado lipo, na kama ofisa aliyekuwa akimfahamu hajahamishwa.

Halafu fomu inataka mdhamini. Mtu mzima mwenye kitambulisho, atakayeweka picha yake na sahihi yake kwamba anamjua kijana huyu na kwamba deni litalipwa. Kwa mwenye baba, huo ni mstari mmoja tu wa fomu. Kwa kijana wetu ni ukuta. Bibi hana kitambulisho, au anacho lakini anaogopa neno “deni” kuliko anavyoogopa ugonjwa. Baba mdogo anasema asiingizwe katika mambo ya mahakama. Tumewaona vijana wakizunguka na fomu siku za mwisho, wakiomba sahihi kwa watu wasiowafahamu vizuri, na wengine fomu zao zikabaki chini ya godoro. Nasi, tuseme ukweli, viongozi wa walei tulio na vitambulisho, mishahara na mashamba, ni wangapi kati yetu tumewahi kuweka sahihi kwa mtoto asiye wa damu yetu?

Isitoshe, mikopo hiyo ilijengwa kwa ajili ya chuo kikuu. Kijana anayetaka kuwa mwashi, seremala, fundi magari, fundi wa umeme wa majumbani au mshonaji yuko pembeni ya mpango huo, ingawa ndiye tunayemwita kila siku nyumba inapovuja. Vyuo vyake vipo. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vina umri mkubwa zaidi, vilianza mwaka 1975. Katika vyuo hivyo vya umma ada yenyewe si ya kutisha ukilinganisha na vyuo binafsi. Kinachowarudisha vijana nyumbani ni yale yanayoizunguka ada: nauli ya kwenda na kurudi, godoro, ovaroli na viatu vya kazi, chakula kwa anayepanga chumba mtaani, daftari za michoro, na zile wiki za mafunzo kwa vitendo ambapo kijana anapelekwa karakana ya mbali asikokuwa na ndugu wala anayemlipa.

Hapa hatuna budi kujishitaki wenyewe. Miaka michache iliyopita, parokia yetu ilimchangia kijana mmoja aliyelelewa na shangazi yake ili asomee ufundi umeme. Ilitangazwa Jumapili baada ya Komunyo. Kijana akaitwa mbele, akasimama karibu na altare akiwa ameinamisha kichwa, habari za kifo cha mama yake zikasimuliwa kwa kirefu mbele ya watu wote, hata yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajapata kuyasikia. Watu waliguswa, vikapu vikajaa. Tukamlipia ada ya mwaka wa kwanza, tukapiga picha, tukaandika katika taarifa ya mwaka kwamba Tume imesomesha yatima. Mwaka wa pili hakuna aliyeuliza. Mweka hazina alikuwa amebadilika, na kitabu cha kumbukumbu hakikuonyesha ahadi yoyote zaidi ya ile ya mwanzo. Kijana aliona haya kurudi kuomba kwa watu walewale ambao mbele yao alikwisha kusimama. Akarudi nyumbani. Leo anaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Hiyo si kazi ya aibu, na wengi wetu tunasafiri kwa huruma ya vijana hao. Ila sisi tulitumia fedha za wajane kununua nusu ya ufundi, na nusu ya ufundi haiwashi taa.

Tumejifunza mambo mawili katika kosa lile, nayo yote mawili yanauma. La kwanza ni kwamba mchango wa mara moja unamfaa mchangaji kuliko mchangiwa. Mzazi hasomeshi kwa mtindo huo. Mzazi anapompeleka mtoto chuoni hajui atapata wapi fedha za mwaka wa tatu, lakini anajua kwamba ni zake kuzitafuta. La pili ni kwamba umaskini wa mtoto si mali ya parokia ya kuonyesha. Hakuna baba anayesimamisha mwanawe mbele ya kanisa ili watu waone jinsi asivyo na ada.

Tukiwa Tume ya Haki, yapo mengine ambayo hatuwezi kuyanyamazia, hata kama yatawakera baadhi ya wasomaji wetu. Kabla ya kumwombea yatima msaada, tuulize kwanza kibanja cha baba yake kiko wapi. Mara nyingi ada ya kijana imo katika migomba na kahawa inayovunwa kila msimu na baba mkubwa, ambaye siku ya msiba alisema atashika shamba mpaka mtoto akue. Mtoto amekua. Sasa anaambiwa kwamba shamba ni la ukoo, au kwamba gharama za kumlea zimekwisha kulimeza. Tena kwa msichana jibu huwa fupi zaidi: ataolewa, ardhi haimhusu. Tukumbuke kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, katika shauri lililotoka huku kwetu Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado tunasikia katika mabaraza ya ukoo maneno kana kwamba hukumu ile haikuandikwa. Mwenye kusimamia mirathi hana mamlaka ya kuila. Anashika kwa niaba ya warithi, naye anaweza kuitwa Mahakama ya Mwanzo atoe hesabu. Wapo baadhi ya walezi wa namna hii wanaokaa mabenchi ya mbele kanisani, na mara nyingine hao hao ndio wanaoleta jina la mtoto katika Tume ili parokia imlipie. Tunawasihi kwa upendo: leteni kwanza hesabu ya kahawa. Vivyo hivyo, marehemu aliyekuwa mwajiriwa huenda aliacha mafao katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Kijana mwenye haki ya mafao asigeuzwe ombaomba.

Tusidhani kwamba shida hii inatokana na ufukara wa nchi yetu peke yake. Marekani, yenye utajiri tunaoujua, iligundua kwamba vijana waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali katika familia za malezi walikuwa wakitolewa siku ya kutimiza miaka 18 na kuishia mitaani. Mwaka 1999 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyoanzisha mpango uliopewa jina la Seneta John Chafee ili kuwasaidia vijana hao kujitegemea, kisha ukaongezwa mpango wa kuwalipia masomo ya chuo au ufundi, hadi dola 5,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa, kijana akaweza kusaidiwa hadi umri wa miaka 26, kwa muda usiozidi miaka 5. Kuna jambo dogo katika taratibu zao lililotugusa kuliko fedha. Kwa sheria yao ya mwaka 2007, mwanafunzi aliyekuwa yatima au chini ya malezi hayo wakati wowote baada ya kutimiza miaka 13 huhesabiwa kuwa anajitegemea anapoomba msaada wa masomo. Hadaiwi taarifa za mapato ya wazazi wala sahihi yao. Hata huko wengi bado wanaanguka njiani, kwa kuwa fedha haimfungulii mtu mlango wakati wa likizo, bweni linapofungwa na wenzake wote wamekwenda kwao. Umoja wa Mataifa nao, katika miongozo ya mwaka 2009 kuhusu malezi ya watoto wasio na wazazi, ulizitaka nchi zote kuendelea kuwapa vijana wanaotoka katika malezi hayo nafasi za elimu na mafunzo ya ufundi. Hatutaji mambo haya ili tuige kila la wageni. Tunayataja ili asiwepo wa kusema kwamba miaka 18 ni mwisho uliowekwa na Mungu.

Kwetu sisi Wakristo jambo hili lilikwisha kusemwa zamani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, Waisraeli wanaagizwa kwamba mtumwa anapoachwa huru mwaka wa saba asiondoke mikono mitupu: apewe katika kondoo, katika nafaka ya uwanja wa kupuria, na katika divai. Yaani siku ya kumwachia mtu ajitegemee ndiyo siku ya kumpa zaidi. Ikiwa agizo hilo lilimhusu mtumwa, mtoto tuliyemlea na kumbatiza tumfanyieje? Naye Papa Yohane Paulo II, katika Wosia wake wa Kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, uliofuata Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994, alituachia sura ya Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Tumeiimba sura hiyo, tumeichapa kwenye vitenge. Lakini familia inajulikana kwa ada na kwa mahali pa kurudia wakati wa likizo.

Tunafahamu manung'uniko yaliyopo, tena si ya kupuuzwa. Mzazi maskini anauliza: mbona mwanangu mimi niliye hai naye amekosa ada, na hamkumchangia? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mtoto huyo naye ni wa kusaidiwa pale mfuko unaporuhusu, lakini yeye ana mtu wa kuhangaika kwa ajili yake, wa kumtafutia karatasi, wa kumpigia simu mjomba. Huyu mwingine hana hata wa kuhangaika. Wengine wanasema vijana hawa hawana shukrani, wakishapata kazi hawarudi. Wapo. Hata wa kuzaliwa ndani ya nyumba wapo wasiorudi, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba wazazi waache kusomesha.

Tumeshauriana na Halmashauri ya Walei, WAWATA na VIWAWA, nasi tunapendekeza kwamba kuanzia mwaka huu parokia isimpeleke chuoni kijana yeyote kabla haijajua itamlipia vipi hadi mwisho wa kozi. Afadhali tuwe na vijana wawili wanaomaliza kuliko kumi wanaoanza. Hesabu ya kila mmoja ijumlishe nauli, chakula na mafunzo kwa vitendo, na kwa wa ufundi ijumlishe sanduku la vifaa: randa na misumeno kwa seremala, spana kwa fundi magari, cherehani kwa mshonaji. Kijana aliyehitimu bila vifaa anarudi kuwa kibarua wa fundi asiyesoma. Fedha zilipwe moja kwa moja chuoni, na zile za matumizi apewe kijana mwenyewe mkononi, si mlezi wala katekista, kwa kuwa ni mtu mzima na anapaswa kujifunza kuzitunza. Tangazo la altareni lihusu mfuko tu, majina yabaki katika Tume.

Kuhusu karatasi, tusingoje kidato cha nne. Kila jumuiya iandike sasa watoto wote walio kidato cha pili wanaolelewa na wasio wazazi wao, itazame nani hana cheti cha kuzaliwa na nani hana vyeti vya kifo vya wazazi, na mmoja wa wanajumuiya afuatane na mlezi hadi wilayani. Daftari za vifo za vigango zitafutwe na kutunzwa. Hazichukui nafasi ya cheti cha Serikali, lakini zinataja siku na mahali, na zimewahi kumsaidia mtendaji aliyekuwa na mashaka. Watoto walio katika makao waambiwe mapema, kwa upole, yaliyomo katika majalada yao, wapewe na nakala. Si haki mtu afikishe miaka 18 ndipo ajue kwamba tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa na sista.

Kwa wadhamini tunahitaji watu, si fedha. Wajumbe wanne wa Tume, akiwamo mwenyekiti, wamekwisha kukubali kuweka sahihi kwa vijana wa mwaka huu. Tunawaomba wengine wenye vitambulisho na moyo wajitokeze kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, si siku ile kijana anapobisha hodi usiku na fomu mkononi. Na familia zilizo karibu na barabara kuu ziseme ni ipi inaweza kumpokea kijana wa chuo wakati wa likizo, ale, alale, afue nguo zake, asiulizwe anaondoka lini.

Orodha za jumuiya zimfikie katibu wa Tume kabla ya Jumapili ya Matawi, ili kikao cha Halmashauri ya Walei cha baada ya Pasaka kizipitie. Na yule kijana wa umeme tumemtembelea nyumbani kwa shangazi yake, tukamwomba radhi. Alisikiliza, kisha akauliza kama tunajua ada ya mwaka wa pili ni kiasi gani sasa. Tulikuwa hatujui. Tumeuliza chuoni, wako tayari kumpokea muhula ujao, na jina lake ndilo la kwanza katika kitabu kipya cha mfuko, pamoja na kiasi chote hadi sanduku lake la vifaa.